Bwana Harusi Aliyekoroma

Nakumbuka siku moja, mwanangu, na hadi leo nikiwa peke yangu nacheka: siku wazee walipotoka Jinja kuja kuniposa Mbale, na mchumba mwenyewe akalala mbele yao akakoroma.

Huyo ni Yusufu, babu yako. Wakati wa vita vijana wa mtaa wao pale Jinja walishika zamu ya kulinda. Mwenye kusinzia angeamka nyumba imeshaporwa, kwa hiyo walitafuna mairungi, yale majani ya kufukuza usingizi, mpaka alfajiri. Vita vikaisha, yeye akaendelea kutafuna. Alipokuja Mbale kuuza nguo dukani, shavu lilikuwa limevimba, macho mekundu, kitambaa kimoja akikipima mara mbilimbili. Chakula hagusi. Akikasirika, aligombana hata na mlango. Nilimpenda, na nilimwogopa.

Kauli ya mwisho juu ya ndoa yangu ilikuwa ya shangazi Zaituni. Alimwita Yusufu nyumbani kwake, huku chini ya mlima Wanale, akamwekea malewa, yale machipukizi ya mianzi, kwa mchuzi wa karanga. Yusufu akaonja, akasukuma sahani.

"Mama, mimi nashindwa."

"Basi na binti yangu utamshindwa. Wewe naogopa nini?"

Yusufu akasema kweli. "Kulala. Nikifunga macho, nasikia wanavunja mlango."

Shangazi hakumfukuza. "Kuja hapa kila jioni, ukule. Hata ukitafuna, kuja. Lakini usinidanganye."

Akaja. Siku nyingine alikuja na shavu lake limejaa, akasemwa, akaona haya, na kesho yake akarudi. Shangazi akampa jembe, akamlimisha mahindi mpaka jasho likamtoka. Polepole majani yakapungua, na sahani ikaanza kurudi tupu. Usingizi tu ndio uliokataa.

Ndipo ikafika siku ya posa. Yusufu alikula sahani mbili za malewa, akaegemea ukuta. Mjomba wake alikuwa ndio kwanza ametaja mahari, tukasikia mkoromo. Mzee wa watu, kwa aibu, akanyoosha mkono amtikise.

"Bwana, wacha yeye!" Shangazi akamzuia. "Huyu hajalala vizuri tangu vita. Mahari itangoja."

Kisha akapiga kigelegele cha kunong'ona. Sijasikia kingine kama hicho maishani. Wazee wazima wakakaa kimya mkekani, mmoja akimfukuzia nzi, nami nyuma ya pazia nalia kwa furaha. Adhana ya alasiri ndiyo iliyomwamsha.

"Mmeshanipa?" akauliza, na nyumba nzima ikaangua kicheko.

Sasa wewe, mwanangu. Juzi nilikuona pale stendi ya boda boda, shavu limevimba. Najua wenzako wengi wanatafuna, na wengine wameongeza bangi na vidonge. Utaniambia ni ya kukesha kazini tu. Hata yeye alianza hivyo. Majani yale yalimnyang'anya usingizi, yakamnyang'anya chakula, yakamwachia hasira.

Ninachokuomba ni hiki: jambo linalokutisha, mwambie mtu, usilifiche chini ya shavu. Ukiteleza, rudi jioni ileile. Na mwenzako akihangaika, usimcheke, mpikie.

Uje leo. Malewa yako motoni na mkeka nimetandika. Mungu akupe hamu ya kula, akupe usingizi mzito, na akujalie watu watakaokaa kimya ukikoroma.