Sevisi Kubwa

Kwa fundi magari yule, kila kitu duniani ni sevisi. Akinyoa ndevu, amepiga sevisi. Akilala mchana, injini iko sevisi. Baba mkwe alipolazwa hospitali, fundi alitikisa kichwa: "Mzee alichelewa sevisi." Kila akisema hivyo hufuta mikono kwa tambara jeusi kuliko mikono yenyewe. Mkewe alipolalamika kwamba siku hizi hawaongei, alimjibu kwa sauti tamu, "Mama watoto, ndoa yetu ngangari, hiyo haidai sevisi."

Asubuhi moja akamkuta mkewe mlangoni na sanduku.

"Naenda kwa mama. Sevisi."

Fundi akaangua kicheko. "Ndogo au kubwa?"

"Kubwa, baba watoto. Nabadilisha dereva."

Fundi akalichukua lile tambara, akafuta mikono iliyokuwa safi, mpaka ikachafuka.