Chumvi ya Zabuloni

Jumamosi ile tulikuwa tunasafisha ukuta kwa ugali. Kanisa letu lilikuwa mlimani, mwendo wa siku nzima kutoka ziwani. Lilijengwa na Mgiriki mmoja mnunuzi wa kahawa, naye alimleta mchoraji kutoka kwao. Kuta zote zilijaa watakatifu wenye macho makubwa, na moshi wa mishumaa ulikuwa umewafanya weusi kuliko sisi. Tulifinyanga ugali wa muhogo uliopoa, tukaubandika juu ya masizi na kuubandua taratibu. Zabuloni, mtunza kanisa, alipita nyuma yetu akisema, "Musisugue. Muguseguse tu."

Karibu na mlango walichorwa wazee saba wa kijiji waliotoa ardhi na mawe, kila mmoja na jina lake chini ya miguu. Baba alikuwa mmoja wao. Mchoraji alimvika joho jekundu lenye nakshi za dhahabu, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa na suruali mbili. Mama alimtania kila mwaka kwamba angejua, angeolewa na yule wa ukutani. Majina yale hakuna aliyekuwa anayasoma. Mtu wako humsomi jina, unamwita tu.

Wiki iliyofuata watu wenye silaha walipanda mlima, wakalala kanisani.

Asubuhi walifika kwetu wakimwita Baba kwa jina lake kamili, la ubatizo na la ukoo. Walitaka dhahabu.

Hatukuwa na dhahabu.

Walimuua mlangoni, Mama akitazama.

Kutoka hapo walikwenda kwa mzee Wilonja. Wilonja alikuwa amekufa miaka minne nyuma. Mjane wake alipowaambia mumewe yuko kaburini, walimpiga, wakasema anamficha. Sisi tuliona ni ukatili tu, hatukufikiri zaidi ya hapo.

Tulikimbilia msitu wa mianzi, watu arobaini na kitu. Huko tuliulizana jambo moja tu: nani aliwapa majina? Mgeni atajuaje jina la ubatizo la mtu? Waliozoea kula chungu kimoja walianza kula wakipeana migongo. Ukienda haja, ukirudi unakuta watu wamenyamaza.

Siku ya tatu Zabuloni akatufikia pamoja na mkewe, Mapendo. Katika mzigo wao mlikuwa na chumvi. Chumvi ilikuwa haijapanda mlimani kwa miezi. Zabuloni alisema wale watu walimlazimisha kuwachotea maji, wakamrushia pakiti moja.

Nilisimama. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na hasira ya mtu aliyemzika baba yake bila sanduku. Nikasema mbele ya wote, "Miye nilimuona asubuhi ile, anatoka kanisani pamoja nao."

Hilo lilikuwa kweli.

Nikaongeza, "Na anawaonyesha nyumba yetu."

Hilo sikuliona. Nililidhani, nikalisema kama mtu aliyeliona.

Zabuloni alijaribu kueleza kitu, lakini kelele zilimzidi. Walifukuzwa yeye na mkewe mvua ikinyesha. Baada ya siku mbili tukapata habari kwamba ameuawa kanisani. Mtu mmoja alisema, "Alirudi kwa marafiki zake." Sikubisha, na nakiri kwamba nilifarijika.

Miaka ilipita kambini Kigoma, ng'ambo ya ziwa, kisha tukaletwa Dallas, mtaa wa Vickery Meadow. Sijamaliza mwezi, nani nakutana naye kwenye chumba cha mashine za kufulia? Mapendo. Alikaa jengo la pili kutoka letu na kufanya kazi kwenye ghala huko Mesquite. Hatukusalimiana. Nikimwona anaongea na watu, nilijua ananisema. Akikaa kimya, nilijua anapanga jambo. Niliwakataza wanangu kula chakula chake. Binti yangu Neema alinijibu, "But she's nice, Mom," eti ni mtu mwema, nami nikaona kumbe Mapendo ameshaanza kumvuta mtoto.

Siku moja mpwa wangu anayeishi Sugar Land, nje ya Houston, alinipeleka kwenye maonyesho ya michoro ya Kibizanti, watakatifu wa macho makubwa kama wetu, iliyotoka makanisa madogo ya milimani huko Ulaya. Alidhani nitafurahi. Niliingia nikishuku: ni nani huyo aliyekubali ukuta wa kanisa lake uondoke? Nikawakuta wanakijiji wamesimama safu moja, wamevaa majoho, majina yao yameandikwa pembeni. Mama mmoja wa maonyesho alikuwa akieleza, mpwa wangu akanitafsiria. "Anasema hawa ndio walijenga kanisa. Wakishaandikwa hawatolewi, hata wakifa wanabaki pale pale."

Nilikaa sakafuni.

Wilonja. Naye alikuwa mmoja wa wale saba wa ukutani, na tulimzika sote. Hata msaliti wa kijijini asingewatuma watu kwa marehemu. Aliyewatuma hakujua kwamba Wilonja amekufa, na kijiji kizima hapakuwa na asiyejua, isipokuwa ukuta. Wale wenye silaha waliona majoho ya matajiri, wakasoma majina.

Niliporudi Dallas nilikwenda kugonga mlango wa Mapendo.

"Unatafuta nini kwangu, Mama Neema?"

Nilimwambia yote, pamoja na lile ambalo sikuliona. Alisikiliza akiwa amesimama, mkono kwenye kitasa.

"Bwana yangu aliwaambia kule kule mianzini," alisema. "Aliwaambia ni majina ya ukuta. Hamukumusikia. Ndiyo alirudi kuyafuta, juu wale watu wasiwatafute wazee batano walibakia. Walimukuta na kisu mukononi, anakwangua."

Niliomba msamaha.

"Hapana kwangu," alisema. "Ulisema mbele ya watu. Enda useme mbele ya watu."

Jumapili ile nilisimama kanisani kwetu na kusema. Wengi hawakumjua Zabuloni. Walinipa pole, kwaya ikaendelea. Walionisikia nikimsingizia kule msituni walikuwa arobaini na kitu, na wametawanyika: wengine bado wako Kigoma, wengine Australia, wengine kaburini. Siku niliyomsafisha jina, kati ya hao waliokuwepo kanisani walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuwa Mapendo.