Mke wa Mpuliza Saksafoni

Baba yangu alikuja Doha na mabegi mawili na manung'uniko. Niliyemwita ni mama, anisaidie kulea mtoto nirudi kazini hospitalini. Baba akamfuata kwa sababu, kwa maneno yake mwenyewe, hakukuwa na mtu wa kumsongea ugali kule Voi. Wiki ya kwanza aligombana na kiyoyozi cha nyumba yangu hapa Al Sadd, akagombana na karaki, chai ya maziwa ya huku, akisema ni tamu mno, huku akinywa vikombe vitatu kwa siku. Kilichomtuliza ni muziki. Alikaa sofani na mjukuu kifuani akivumisha kwa midomo sehemu ya saksafoni ya nyimbo za zamani. Maneno ya nyimbo zenyewe hakuyajua kamwe, maana hayakuwa kazi yake. Mtoto alilala haraka kuliko nilivyowahi kumlaza mimi, nami nikaona wivu kidogo.

Ujana wake wote baba alipuliza saksafoni katika bendi ya dansi Mombasa. Ilikuwa bendi hasa: magitaa matatu, ngoma, na nyuma yake safu ya wapulizaji wa saksafoni na tarumbeta, wote wamevaa suti nyeupe. Jumapili mchana kulikuwa na dansi la familia. Sisi watoto tulinunuliwa soda, tukamtazama baba akiinuka kupiga kipande chake peke yake, ukumbi mzima ukimgeukia. Nilidhani baba wa kila mtoto huinuka hivyo.

Mama alikaa kwenye benchi la ubavuni mwa jukwaa pamoja na wake wengine wa wanamuziki, koti la baba limekunjwa mapajani. Hakuna mwanamume aliyethubutu kufika pale kuomba dansi. Mke wa mwanamuziki haombwi: mumewe yuko juu anaona kila kitu, na bendi nzima ni mashemeji. Basi wake hao walitikisa mabega wakiwa wamekaa. Mimi nilifikiri ni heshima, kwamba lile benchi ni la wageni wa maana.

Jioni moja mama alikuwa akisukuma chapati jikoni kwangu, akasema bila kuinua kichwa, "Unajua tangu babako anioe sijacheza naye hata wimbo mmoja?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mombasa nzima imekumbatiana kwa saksafoni yake," akasema. "Mimi nimekumbatia koti. Na haya magoti yangu, daktari ameshaniambia yanalika. Nataka wimbo mmoja kabla hayajanikataa. Mmoja tu."

Mimi nikishasikia jambo kama hilo sina subira. Siku nilipopata nafasi niliwapeleka West Bay, kwenye hoteli moja ambako bendi ya Wafilipino hupiga ule muziki wa Kimarekani wa zamani, wa tarumbeta na tromboni zilizopangwa safu kwa safu. Nilijua baba ataupenda, na kweli aliupenda. Alikaa ukingoni mwa kiti, vidole vikibonyeza kitambaa cha meza. Tarumbeta alizikosoa, wapiga tromboni akawaita wavivu, lakini mpuliza saksafoni, mzee mmoja mwenye mvi, alimsifu mpaka nikachoka. Mapumziko yalipofika wazee hao wawili walisalimiana. Kiingereza cha baba huishia kwenye salamu, kwa hiyo wakazungumza kwa kuvumishiana nyimbo, wakicheka na kupigana mabega. Wageni walipoinuka kucheza, mama alimtazama baba. Baba alikuwa akiwatazama wapulizaji. Moyo uliniuma.

Bahati nzuri muuguzi mwenzetu wa wodini alikuwa anarudi Kenya moja kwa moja. Karamu ya kumuaga ilipangwa Ijumaa mchana, baada ya ibada ya kanisani kule Mesaimeer, katika ukumbi wa juu wa mkahawa ulio karibu na kwangu. Nikashikilia kwamba lazima ipigwe bendi, si mambo ya simu na spika. Vijana wa kwaya, Wakenya na Waganda, wakaahidi magitaa na ngoma. Nikamwomba yule mzee Mfilipino atuletee saksafoni, akakubali kwa furaha. Mama alishonesha gauni la kitenge cha buluu. Asubuhi ile alimwambia baba mbele yangu, "Leo njoo tucheze."

"Tutaona," baba akajibu, akaendelea kung'arisha viatu.

Bendi ilipoanza rumba ya kwanza mama alisimama, akanyoosha gauni. Na ndipo Mfilipino, kwa kumheshimu mwenzake, akashuka jukwaani, akavua mkanda wa saksafoni shingoni mwake na kumvalisha baba.

"Mzee apige! Babu apige!" wauguzi wakapiga kelele. "Leo ni leo!"

Baba alipanda jukwaani mbio, mtu ambaye ngazi za nyumba yangu huzipanda akiguna. Mama akaketi tena, mkoba wake mapajani.

Sitasema uongo, alipuliza vizuri. Pumzi ilikuwa fupi lakini sauti ni ileile niliyoijua. Nilijivunia baba yangu, na papo hapo nilitaka kumvuta kwa tai. Wimbo ulipokwisha nilikuwa nimeshafika miguuni pa jukwaa.

"Baba, shuka ukacheze na mama."

"Wimbo mmoja zaidi, mwanangu."

"Hapana. Shuka sasa hivi."

Akainama kama anayekagua vile viatu vyake. "Sijui kucheza," akasema.

"Hujui nini?"

"Kucheza. Nilianza kupuliza nikiwa kijana sana. Watu wote walijifunza kucheza mbele ya macho yangu, mimi niko kazini. Kila niliposhuka, ukumbi ulikuwa umeshabaki mtupu." Akaikamata saksafoni kwa mikono miwili. "Mamako anadhani mimi ndimi dansi lenyewe. Nikienda pale ataona."

Nilikuwa nimepanga maneno makali, nikayaacha. Maisha yangu yote nilimwona baba yuko juu ya watu, anang'aa. Haikunipitia akilini kwamba kule juu alikuwa amejificha. Nilimwonea huruma. Lakini mama alikuwa bado amekaa pale na gauni lake jipya, kwa hiyo nikamvua ule mkanda, nikamrudishia mwenye saksafoni.

Baba alivuka ukumbi polepole. Nilimfuata, adabu ya kubaki mbali sikuwa nayo. Alisimama mbele ya mama, mikono ubavuni kama kijana aliyekuja kuposa.

"Mama watoto," akasema, "mimi kucheza sijui."

"Najua."

"Unajua?"

"Siku ya harusi yetu uliniacha kitini ukakimbilia bendi. Siku hiyohiyo nikajua." Mama aliweka mkoba mezani. "Sikukuomba ujue, baba. Nilikuomba uje."

Wakaenda katikati. Baba alikuwa mgumu kama nguzo. Alimkanyaga mama mara moja, akaomba radhi, akamkanyaga tena. Kila saksafoni ilipoingia aligeuza kichwa kuangalia jukwaani, na mama akamshika kidevu na kumrudisha. Mkono wake wa kulia ulikuwa mgongoni mwa mama, vidole vikibonyeza kitambaa cha buluu, noti baada ya noti, na nadhani hakujua kama anafanya hivyo. Mama alifumba macho. Watu wakawaachia ukumbi. Nikalia waziwazi, na yule mwenzetu tuliyekuwa tukimuaga, akidhani ninamlilia yeye, akaja kunikumbatia na kuniambia nisijali, tutaonana Nairobi.

Wimbo uliisha. Makofi yakapigwa, baba akatoa leso, akajifuta paji la uso na kugeuka kurudi mezani kama mtu aliyemaliza kazi. Mama hakumwachia mkono.

"Unaenda wapi?" akamuuliza. "Hiyo ilikuwa ya harusi tu."