Mkuku wa Boti na Msiba wa Mama Aliye Hai

Jamani, kuna aibu za kuficha na kuna aibu ambazo mtaa mzima umeshazijua kabla wewe mwenyewe hujanawa uso, na hii yangu ni ya aina ya pili, kwa hiyo bora niisimulie mwenyewe kuliko muisikie kwa watu wa mtaani kwetu Mafiga, ambao wameshaitia chumvi mpaka haiwezi kuliwa.

Mimi ni mwalimu wa ufundi, na nina boti. (Najua Morogoro hakuna bahari, msianze.) Ni boti dogo la tanga aliloniachia mhadhiri mmoja mgeni, alikuwa akilitembeza bwawani siku za mapumziko, mkataba ukaisha akarudi kwao. Tatizo lake lilikuwa mkuku, yaani kile chuma kizito kinachokaa chini ya tumbo la boti ili upepo usilipindue. Ulikuwa umeliwa na kutu pale unaposhikwa na boliti, maji yanaingia tu, na dawa yake ilikuwa moja: kuufungua, kuuchomelea na kuurudisha. Rafiki yangu Chande wa gereji akakubali kuniazima jeki ya lori, lakini Jumamosi tu.

Na Jumamosi hiyohiyo ndiyo alikuwa anakuja Mjomba Mkude kutoka Mgeta.

Huyu ni mjomba wa Hadija, mchumba wangu, na wanaowajua Waluguru hawahitaji maelezo: baba anaweza kukubali, mama akapiga vigelegele, lakini mjomba asipotamka neno, rudi kwenu ukalale. Alikuwa anakuja kutuona mimi na mama yangu, kisha atamke. Mtu mwenye akili angerudisha jeki. Mimi nikapiga simu.

"Shikamoo mjomba. Naomba tusogeze kidogo, mama hajisikii vizuri."

"Marahaba. Anaumwa nini?"

Hapo sikuwa nimejiandaa. Nikasema, "Yaani... kazidiwa tu, mjomba," na simu ikakatika, maana kule milimani mtandao una tabia zake. Nikaona mambo yameisha. Mama mwenyewe muda huo alikuwa uani anapasua kuni, mzima kabisa, anaimba.

Jumamosi jua likawaka vibaya, nikaenda kwa jirani kuazima turubai, tukalifunga juu ya boti mimi, Chande na vijana wa mtaani waliokuja kusaidia kubeba. Jirani mwenye turubai ndiye mwenye viti vya plastiki, akasema chukua na viti, vijana watakaa wapi? Mama akasema hawezi kuacha wanaume wabebe chuma wakiwa na njaa, akabandika sufuria kubwa la wali nje, juu ya mafiga. Sasa hesabuni wenyewe: turubai, viti, moto uwanjani, sufuria kubwa. (Mimi niliyesoma sikuona kitu. Nilikuwa nawaza boliti.)

Tukaliweka boti juu ya magogo, jeki chini ya mkuku. Kufungua boliti zile kunataka watu wawili, mmoja ndani ya boti anashika kichwa kwa spana kisizunguke, mwingine chini anafungua nati. Ndani ni pembamba, Chande ana kitambi, mimi ndiye fundi, basi mama, ambaye ni mwembamba na hapendi kupitwa na jambo, akapanda akalala chali humo na spana yake. Kwa bahati mbaya turubai lilikuwa na tundu, jua likampiga usoni, akaomba tumfunike. Chande akaleta shuka, akamfunika gubigubi, ncha zikaning'inia nje ya boti. Ndiyo, lilikuwa jeupe.

Basi mimi niko chini ya boti, miguu tu ndiyo inaonekana. Vijana wamekaa kwenye viti, mikono mashavuni, kimya, kwa sababu timu yao ilifungwa jana na hakuna aliyekuwa na hamu ya maneno. Nimebakiza nati moja, imegoma. Juu yangu kimya. Mara nikasikia breki za lori.

Mjomba Mkude, mtu mwema kupita kiasi, alikuwa amepanda lori la mboga na wanawake wawili wa ukoo ili waje kumjulia hali mgonjwa. Akashuka, akaona turubai. Akaona viti na sufuria, na chini ya turubai kitu kirefu kimefunikwa shuka jeupe.

"Innalillahi!" akatamka mjomba. Wale wanawake wakaangua vilio hadi kabichi zikatetemeka kwenye lori. Majirani nao wakatoka mbio, kila mmoja analia kwanza, atauliza baadaye.

Mimi kule chini nikajua msiba umetokea mtaani. Nikaitambua sauti ya mjomba, nikaona viatu vyake vinakuja. Nikasema (aibu hii nitazikwa nayo), "Shikamoo mjomba," nikiwa nimelala.

"Marahaba, mwanangu. Jikaze. Mama katutoka."

Nawaambieni ukweli, sikukumbuka uongo wangu hata kidogo. Nilichokumbuka ni kwamba mama hajasema neno muda mrefu. Nikaita, "Mama!" Kimya. Nikaita tena. Nikajua nimemuua mama yangu kwa mdomo wangu, nimemwita mgonjwa na Mungu amenisikia. Nikalia, jamani. Nikalia kwa sauti kama mtoto, nikajiburuta kutoka, mguu ukaipiga jeki, boliti ya ile nati iliyogoma ikakatika, na mkuku ukaanguka kwa kishindo.

Boti likaruka upande. Na ndani ya shuka jeupe mtu akakaa kitako, spana mkononi.

"Imefunguka?" akauliza mama. Alikuwa amepitiwa na usingizi.

Sitawaeleza wote waliokimbia. Chande, aliyemfunika mwenyewe kwa mikono yake, alikutwa chooni. Mjomba Mkude, na umri wake, alivuka ua wa michongoma bila kugusa jani, akaacha kofia.

Walipotulia, mjomba akarudi taratibu, akamsalimia mama, akamtazama juu mpaka chini.

"Dada, tuliambiwa umezidiwa."

Mama akanigeukia. Nikasema yote, mbele ya mtaa mzima na Hadija, aliyekuwa ameitwa msibani na amefika na kanga kichwani. Nikangoja kufukuzwa.

Mjomba akakaa kwenye kiti cha plastiki. "Mtu anayemlilia mama yake vile, mpwa wangu nitampa," akasema. Nikataka kumkumbatia. "Lakini mama wa bwana harusi ni mgonjwa, umesema mwenyewe. Hatuwezi kufanya harusi na mgonjwa ndani ya nyumba. Siku akipona, ataniambia yeye, nami nitashuka."

Nikamtazama mama kwa furaha, maana mgonjwa mwenyewe si huyo kasimama na spana! Mama akanitazama, akashika kiuno, akalala mkekani polepole.

Sasa mkuku nimeshauchomelea na kuurudisha, boti haliingizi hata tone. Mama bado anaumwa. Hadija anamletea supu kila jioni, wanacheka huko chumbani, mimi napika na kuosha vyombo, na nikiuliza hali, anakohoa. Nimeapa sitamsingizia mtu ugonjwa tena maisha yangu yote, na Mafiga nzima hakuna anayemwombea mama yake afya kwa bidii kunishinda.