Sindano ya barometa ilivyotuzuia kuvuka Lualaba

Wenzangu, saa hii mama yangu angekuwa chini ya mto.

Asubuhi tulifika kivukoni, mimi na yeye, tuvuke kwenda matanga ya dada yake. Mbingu safi, hata wingu moja hakuna.

Papa Saidi, karani anayewapimia Wabeleji mvua na joto pale mtoni, akatukimbilia.

"Mama, musivuke! Barometa imeanguka."

"Imevunjika?" nikamuuliza. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Hakukasirika. Akatupeleka kuiona ukutani mwa ofisi yake, mviringo kama saa.

"Ndani iko kisanduku cha bati kilichotolewa hewa. Hewa ya inje iko na uzito. Ikikikandamiza, sindano inapanda. Ikiwa nyepesi, kisanduku kinavimba, sindano inashuka. Tangu alfajiri inashuka mbio. Zoruba inakuja."

Hewa iko na uzito! Nimeivuta maisha yangu yote bila kujua.

Mimi bado nilitaka tuvuke. Mama ndiye aliyeketi chini.
"Mwanangu, dada yangu amekwisha kufa. Hataniuliza kwa nini nimechelewa."

Saa sita upepo ukafika. Wallahi, ng'ambo haikuonekana tena. Mtumbwi wetu, ungali umefungwa gatini, ukapinduka mbele ya macho yetu.

Hakuna aliyecheka.

Mama akarudi ukutani, akaweka kiganja juu ya kioo cha barometa polepole, kama anayepima homa ya mtoto.

Ninyi mungevuka? Semeni kweli.