Jumapili Niliyomtafsiria Mhubiri

Wiki chache kabla ya mtihani wa Kiingereza wa kuingia chuo cha ualimu, baba alinitafutia mazoezi bila kuniuliza. Alikuwa mzee wa kanisa letu karibu na Silibwet, na mhubiri Mzungu alikuwa anakuja.

"Wewe ndiye utatafsiri," aliniambia tukikamua ng'ombe. "Ukiweza mbele ya kanisa, mtihani utakushinda nini?"

Asubuhi ya Jumapili nilisimama kando ya mhubiri. Pale mbele nilishika meza. Sentensi za kwanza nilizigeuza kwa Kikipsigis, lugha yetu, vizuri. Kisha mhubiri akasema "yoke", nami nikamgeukia. Akalirudia neno. Kanisa zima likanisubiri, mama akainama.

"Neno hilo silijui," nikamwambia mhubiri kwa Kiingereza.

Hakukasirika. Aliinamisha shingo, akaweka mkono juu yake kama ng'ombe anayefungwa mti wa kulimia. Nilipoelewa kuwa ni nira, niliitaja kwa sauti kubwa mno hata watu wakacheka.

Mtihani nilipita. Lakini jioni ya Jumapili ile, baba alipotaja kwamba nitatafsiri tena Jumapili ijayo, nilikimbilia jikoni nikajifungia.