Macho Yaliyoitwa Kiburi

Nakumbuka jioni moja kule Fizi, juu mlimani, sahani ya samaki iliponiponyoka mikononi mbele ya baba mukwe wangu, na nyumba nzima ikaamini kwamba nimeitupa. Mwanangu, kaa vizuri nikusimulie. Haya macho yangu mnayoyacheka, ninyi mnaoniita Mama Macho mkidhani sisikii, yalikaribia kuninyang'anya ndoa na mtoto.

Mimi ni mtu wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, mtoto wa bavuvi. Niliolewa Fizi kwa watu wakulima, watu wa kanisa, watu wa adabu nzito. Kwa desturi yao mke wa kijana hamtazami baba mukwe usoni. Unampa maji ya kunawa umeinama, unamjibu ukitazama chini, unaondoka taratibu. Nililifanya hilo vizuri mpaka nikasifiwa. Nikamzaa Riziki, na alipoanza kutambaa, mwili wangu ukanigeuka.

Nilikula bugali kama mtu aliyetoka kulima, na bado nilikonda. Moyo ulinienda mbio hata nikiwa nimekaa. Asubuhi wenzangu wamejifunika kwa baridi ya mlimani, mimi jasho linanitiririka. Mikono ikaanza kutetemeka. Halafu macho. Kope za juu zilipanda, jicho likatoka nje, na hata niiname namna gani nilionekana kama mtu mwenye hasira anayewakodolea wenzake macho. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya kwangu ndiyo yalikosa pazia kabisa.

Basi maneno yakaanza. Mama mukwe akasema mabinti wa ziwani hawafundishwi heshima, wanakodoa macho kama samaki wa mukeke aliyetolewa majini. Jirani mmoja akanong'ona kwamba mwanamke mwenye macho hayo anaona mambo ya usiku. Huku kwetu, mwanangu, ukisikia neno hilo linasemwa juu yako, anza kufunga mizigo. Mume wangu alikuwa Lulimba kwenye machimbo ya dhahabu, hakuwepo wa kunitetea. Mama yangu mzazi alipopata habari kuwa hata shingo imevimba, alisema ni rovu tu, nile chumvi nyingi. Nililamba chumvi mpaka ulimi ukachubuka. Ni kweli liko rovu la kukosa chumvi yenye madini yake, watu wa milimani wanalijua sana, lakini la kwangu halikuwa hilo.

Na mimi nilishusha kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi, nikazidi kuinama. Niliona aibu, na niliogopa. Mficha maradhi kilio humuumbua, ndiyo, lakini bibi arusi aliye peke yake mlimani atamwambia nani?

Jioni ile nilikuwa nawaandalia. Mikono ikatetemeka, sahani ikaenda chini, miguuni pa muzee. Mama mukwe akasimama. Akasema imetosha, kesho narudishwa kwetu Baraka, na mtoto anabaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo wa baba yake. Riziki alikuwa bado ananyonya. Nilipiga magoti kuokota samaki na sikuona nilichokuwa naokota, machozi yalikuwa yamenijaa.

Muzee alisema tu tuombe kwanza, maana chakula kilichobaki kinapoa. Tukafunga macho, akaomba, na maombi yake yalikuwa marefu kama kawaida. Tuliposema amina, akaniita.

"Mama Riziki, inua uso. Unitazame."

Baba mukwe kumwambia mke wa mwanawe amtazame usoni, hilo sikuwahi kulisikia. Nilidhani anataka kunilaani. Nikainua uso, na yeye akaniangalia kwa muda, kwa utulivu, namna mzazi anavyoangalia kidonda cha mtoto. Kisha akamgeukia mke wake.

"Wakati wa maombi nilimwona. Macho yake haifungike. Anajaribu, nyeupe inabakia inje. Kiburi gani hiyo inashindwa kufunga macho mbele ya Mungu? Huyu mutoto iko mugonjwa, na sisi tuko tunamuhukumu."

Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini yeye mwenyewe hakufunga macho siku ile. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema anayeongoza maombi kwenye nyumba ya batoto wengi lazima awalinde samaki.

Lakini na mimi hakuniacha. "Na we, heshima yenye kuficha ugonjwa si heshima," aliniambia. "Ungekufa humu ndani, baba yako ningemwambia nini?" Neno hilo liliniingia, na mpaka leo halijanitoka.

Asubuhi tukashuka Baraka juu ya lori la mihogo, muzee mbele, mimi na Riziki mgongoni. Mama mukwe hakuniaga. Hospitalini munganga alinipa maji ninywe huku akiangalia koo, akasikiliza moyo, akatoa damu ikapelekwa mbali kupimwa. Majibu yaliporudi alitueleza polepole. Kwenye shingo kuna tezi. Ya kwangu ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi, ndiyo maana moyo ulikimbia na mwili ukaisha. Kinga ya mwili, inayotakiwa kutulinda, ilikuwa imeigeukia tezi hiyo, na ikavimbisha pia nyama zilizo nyuma ya macho, zikayasukuma mbele. Hakuna uchawi hapo, na adabu haikuhusika. Chumvi akaniambia niile kama watu wengine, nisizidishe.

Akanipa vidonge vya kuituliza tezi na vingine vya moyo, akanikataza kuviacha bila ruhusa hata nikijisikia mzima. Mchana matone ya macho, usiku mafuta yake ili jicho lisikauke, na kulala kichwa kimeinuliwa kwa mto. Nikienda kwenye vumbi na jua, nivae miwani nyeusi. Jambo moja alilikazia kuliko yote: moshi wa tumbaku ni adui mkubwa wa macho ya namna hii, uwe wako au wa jirani yako.

Sasa, mama mukwe alikuwa na kiko chake, akikivuta jikoni tangu ujana. Muzee alimweleza maneno ya munganga mbele yangu. Kesho yake mvua ilinyesha, ile mvua ya Fizi isiyojua kuisha. Nikamwona amekaa inje chini ya paa, magoti yamelowa, kiko mdomoni. Nikampelekea kikwembe ajifunike. Hakuniomba msamaha siku ile wala siku nyingine, na sikumdai.

Nilipona polepole. Moyo ulitulia, nyama zikarudi mwilini, mikono ikakamata sahani vizuri. Macho yalirudi kiasi, si yote, ndiyo haya. Riziki nilimnyonyesha mwenyewe mpaka akaacha mwenyewe.

Kwa nini nakuambia leo? Juzi, sokoni hapa Baraka, bamama walikuwa wanamcheka binti anayeuza samaki wadogo wa ndagala, wakisema anakodolea watu macho ya kichawi. Nilimshika mkono, na mshipa wake ulikuwa unapiga mbio. Nimeongea na mama yake, na kesho tunapanda moto, yaani pikipiki, sote watatu kwenda hospitali.

Basi sikia, mwanangu. Jicho likitoka nje, usiulize tabia ya mtu, uliza moyo wake, uzito wake, shingo yake, kisha mpeleke kwa munganga wa hospitali mapema, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Likiuma sana, likiona vitu viwili viwili, au rangi zikififia, usingoje kesho. Ukipewa dawa, zimeze kama ulivyoagizwa. Kama ni wewe unayeugua, usijifiche nyuma ya adabu, sema. Na kama ni mwenzako, inua uso wako umtazame kabla hujamhukumu.

Mungu akulinde na maneno ya watu, akupe usingizi wa kufumba macho yote mawili, na siku utakayoishiwa nguvu, akuwekee ndani ya nyumba yako mtu mmoja wa kukuambia: mtoto huyu iko mugonjwa, tumupeleke.